Hector Garcia, Daktari wa Wameksiko wa Texas

Ndugu msomaji, labda umewahi kubeba mgonjwa usiku. Labda ulimfunga mtoto mgongoni, ukatembea maili nyingi mpaka zahanati. Ulipofika ulikuwa umechoka sana, lakini mganga alikupokea. Alimpima mtoto, akampa dawa.

Sasa mfikirie mtu mwingine. Huyu hospitali iko karibu na nyumba yake. Kila siku anaiona. Hakuna mto wala msitu katikati, na njia ni nzuri. Hata hivyo mtoto wake anakufa nyumbani kwa sababu ya kuhara. Mtu huyu hana pesa. Hajui lugha ya madaktari. Na hata kama angekuwa na pesa, watu wa hospitali ile wanamdharau kwa sababu ya kabila lake.

Watu wa namna hiyo walikuwa wengi katika jimbo la Texas, Marekani, nchi ambayo sote tunaambiwa kuwa ni tajiri. Somo hili linakueleza habari za daktari aliyekulia miongoni mwao, akafanya kazi miongoni mwao, akafia miongoni mwao. Jina lake ni Hector Perez Garcia.

WATU WA MPAKANI

Kwanza ni lazima tuwafahamu watu wenyewe.

Zamani Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko. Watu wake wengi walisema Kihispania. Mwaka 1836 walowezi waliotoka Marekani waliitenga Texas na Meksiko, na mwaka 1845 ikawa jimbo la Marekani. Kisha Marekani na Meksiko zikapigana vita kuanzia 1846 mpaka 1848. Meksiko ilishindwa, ikanyang'anywa nchi kubwa sana. Mto Rio Grande ukawa mpaka.

Kwa hiyo Wameksiko wengine wa Texas hawakuhamia Marekani hata kidogo. Walikaa palepale walipokaa babu zao, na mpaka ndio uliohama. Wengine walivuka mto baadaye, wakitafuta kazi au wakikimbia vita. Lakini wote walitendewa namna moja. Walichuma pamba na mboga katika mashamba ya wengine. Watoto wao walipelekwa katika shule zao peke yao, shule mbovu kuliko zile za Wazungu. Mahoteli mengine yalibandika tangazo mlangoni la kuwakataza wasiingie. Hata makaburi yalitengwa.

Unaona, msomaji, jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu waliokaa chini ya wakoloni walijua hospitali ya Wazungu, hospitali ya Wahindi na hospitali ya Waafrika. Walijua ni ipi iliyokuwa na vitanda vizuri.

UTOTO WA HECTOR

Hector alizaliwa tarehe 17 Januari 1914 katika mji wa Llera, jimbo la Tamaulipas, Meksiko. Baba yake, José, na mama yake, Faustina, wote wawili walikuwa walimu. Wakati huo Meksiko ilikuwa na vita vya mapinduzi vilivyoanza mwaka 1910. Wazazi wake waliona hapakaliki. Hector alipokuwa bado mtoto mdogo, walivuka mto na kuhamia mji wa Mercedes, upande wa Texas.

Huko vyeti vyao vya ualimu havikukubaliwa. Mwalimu José akawa mwenye duka la nguo. Lakini hakuacha kufundisha. Baada ya kazi aliwafundisha watoto wake nyumbani, na aliwaambia kuwa anataka wawe madaktari. Watu wa Mercedes lazima walishangaa. Mwenye duka dogo, mgeni, tena Mmeksiko, anataka madaktari katika nyumba yake!

Basi watoto wake sita walikuwa madaktari. Sita, msomaji, katika nyumba moja.

KUSOMEA UDAKTARI

Hector alimaliza shule ya sekondari mwaka 1932. Wakati huo dunia nzima ilikuwa katika dhiki ya uchumi, na fedha zilikuwa haba. Alianza kusoma katika chuo kidogo cha mji wa Edinburg, maili 30 kutoka kwao. Hakuwa na gari. Alisimama njiani akiomba lifti, kwenda na kurudi. Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Texas, na baba yake alitoa fedha za bima ya maisha yake ili kumlipia. Alipata shahada yake mwaka 1936.

Kisha akaingia chuo cha udaktari cha Galveston. Siku hizo mwanafunzi Mmeksiko katika chuo hicho alikuwa kama mbuzi mweupe katika kundi la mbuzi weusi. Hector alisoma kwa bidii, akahitimu udaktari mwaka 1940.

Lakini daktari mpya ni lazima afanye kazi kwanza hospitalini chini ya madaktari wazee, ndipo aaminiwe kufanya kazi peke yake. Huko Texas milango ilikuwa imefungwa kwa Mmeksiko. Hector akaenda mbali, mpaka mji wa Omaha katika jimbo la Nebraska, kwenye hospitali ya Mtakatifu Yosefu. Huko alimaliza mafunzo mwaka 1942. Ndivyo mambo yalivyokuwa: nyumbani kwao wagonjwa hawakuwa na daktari, na daktari wao amekosa mahali pa kujifunzia.

VITANI

Mwaka huohuo Hector aliingia katika jeshi la Marekani. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inapiganwa. Alihudumu katika Afrika ya Kaskazini na Italia, kwanza pamoja na askari wa miguu, kisha pamoja na wahandisi, na mwishowe katika kikosi cha madaktari. Alifikia cheo cha meja na kupewa nishani ya Nyota ya Shaba. Katika mji wa Naples alikutana na msichana Mwitaliani, Wanda Fusillo, msomi wa chuo kikuu. Walioana mwaka 1945.

Wameksiko wengi wa Texas walipigana katika vita hivyo. Walikula na Wazungu, walilala nao katika mahandaki, na walikufa pamoja nao. Waliporudi nyumbani walitazamia kwamba mambo yatakuwa yamebadilika. Matangazo ya kuwakataza bado yalikuwa mlangoni.

ZAHANATI YA CORPUS CHRISTI

Mwaka 1946 Hector na mke wake walihamia Corpus Christi, mji wa pwani wenye bandari na mashamba makubwa ya pamba kando yake. Kaka yake José Antonio alikuwa tayari anafanya kazi ya udaktari mjini humo. Hector akafungua zahanati yake.

Hebu tazama alichokikuta. Wameksiko walikaa katika vijumba vya mbao, chumba kimoja watu wengi. Mitaa mingi haikuwa na mifereji ya maji machafu. Mvua ikinyesha, vyoo vilifurika na uchafu ukaenea uani, pale watoto wanapocheza. Watoto wachanga wakapata kuhara, wakaishiwa maji mwilini, wakafa. Wewe uliyesoma masomo ya Mtu ni Afya unajua vizuri namna ya kuhara kunavyotoka chooni mpaka kinywani.

Ugonjwa wa pili ulikuwa kifua kikuu. Ugonjwa huu huenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa hutoa vijidudu, na wanaolala naye katika chumba kisicho na madirisha huvivuta. Watu wakilala wanane chumba kimoja, mmoja akiumwa, si ajabu wote wakapata. Kwa hiyo kifua kikuu kiliwaua Wameksiko wengi zaidi kuliko Wazungu wa mji uleule. Dawa ya streptomisini ilikuwa imegunduliwa mwaka 1943, lakini dawa kuwako duniani ni jambo moja, na dawa kumfikia mchuma pamba ni jambo jingine.

Daktari Hector hakumfukuza mgonjwa kwa sababu ya fedha. Mwenye nazo alilipa, asiyekuwa nazo alitibiwa hivyohivyo. Habari hiyo ilienea upesi. Watu walikuja kutoka mjini na kutoka mashambani, na zahanati yake ikajaa.

Tena alisema lugha yao. Msomaji, usilifanye jambo hili kuwa dogo. Mfikirie mama mzee anayejua Kisukuma tu, amekaa mbele ya daktari asiyejua Kisukuma. Anaumwa mahali pa aibu. Ni lazima amtume mjukuu wake wa miaka kumi atafsiri. Je, atasema yote? Wamama wa Kimeksiko walikuwa katika hali hiyohiyo. Kwa Daktari Hector walisema Kihispania, na walisema yote.

Zaidi ya hayo alizungumza na watu kwa redio, kwa Kihispania, akiwaeleza habari za kuhara na kifua kikuu. Wale wasiojua kusoma waliweza kusikia.

KAMBI ZA VIBARUA

Lakini kila siku aliona jambo moja lililomsumbua. Mtoto analetwa, anatibiwa, anapona. Baada ya wiki chache analetwa tena, na ugonjwa uleule. Dawa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kule mtoto alikorudi.

Basi Daktari Hector akatoka kwenda kutazama mwenyewe. Alikwenda kwenye kambi za vibarua karibu na mji wa Mathis. Huko alikuta familia zinakaa katika vibanda, watoto wamekonda kwa njaa, maji safi ya kutosha hayapo, vyoo havifai. Watu hao walichuma mazao ya kulisha na kuvika miji mikubwa ya Marekani. Mavuno ya Texas yakiisha walipanda malori pamoja na watoto wao wakafuata mavuno ya majimbo ya kaskazini. Mtu wa namna hiyo hana daktari wake, wala kadi yake haikai mahali pamoja. Mtoto anayeanza chanjo huku, ataimaliza wapi?

Daktari aliandika aliyoyaona na kuwapelekea wakubwa. Aliandika barua nyingi sana katika maisha yake. Nadhani adui zake walichoka na barua zake kuliko kitu kingine.

ANAUGUA MWENYEWE

Siku hizo yeye mwenyewe aliugua ugonjwa mkali wa mafigo. Yule aliyezoea kusimama kando ya kitanda sasa amelala kitandani, na hakuwa na hakika kama atapona. Akiwa hospitalini alisikia kwa redio mkuu wa shule za mji mmoja mdogo wa huko Texas akikiri kwamba watoto wa Kimeksiko wanatengwa katika shule zake. Hector aliahidi kwamba akipata nafuu, maisha yake yaliyobaki atayatumia kwa ajili ya watu wake.

Alipona. Na ahadi yake aliitimiza haraka.

CHAMA KINAANZISHWA

Askari waliotoka vitani walikuwa na haki zao. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa msaada wa masomo, mikopo ya nyumba na matibabu. Lakini Wameksiko waliokwenda kudai haki hizo waliambiwa wangoje, walete karatasi nyingine, warudi kesho. Fedha zao zilichelewa. Wagonjwa miongoni mwao walikosa vitanda hospitalini. Mtu aliyekatwa mguu akiitetea Marekani hakupata kitanda katika Marekani.

Tarehe 26 Machi 1948 Daktari Hector aliita mkutano katika shule moja ya msingi ya Corpus Christi. Walikuja watu wapatao 700. Hapo wakaanzisha chama, wakakiita American GI Forum, yaani baraza la askari wa Marekani. Walimchagua Hector awe mwenyekiti.

Angalia busara yao. Hawakujiita chama cha Wameksiko. Walijiita chama cha askari, wakachukua bendera ya Marekani mbele yao katika mikutano. Nani angethubutu kuwaita wageni? Chama kilienea katika miji mingine ya Texas, kisha katika majimbo mengine. Kilikuwa na tawi la akina mama na tawi la vijana, na kwa kweli akina mama ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi. Walikusanya fedha, walizunguka nyumba kwa nyumba.

MAITI YA ASKARI

Mwanzoni mwa mwaka 1949 jina la chama lilijulikana nchi nzima kwa sababu ya mtu aliyekwisha kufa. Askari Felix Longoria wa mji wa Three Rivers, Texas, aliuawa nchini Filipino mwaka 1945. Maiti yake ilirudishwa nyumbani baada ya zaidi ya miaka mitatu. Mjane wake, Beatrice, aliomba watu wakeshe na maiti katika nyumba ya mazishi ya mji. Mwenye nyumba hiyo alikataa chumba chake kisitumiwe, akisema Wazungu hawatapenda.

Daktari Hector alipashwa habari. Alipeleka simu za maandishi kwa wakubwa wengi. Aliyejibu upesi alikuwa Lyndon Johnson, seneta mpya wa Texas. Johnson akiwa kijana alikuwa mwalimu katika shule ya watoto wa Kimeksiko katika mji wa Cotulla, na alikuwa ameona umaskini wao. Alifanya mpango, na tarehe 16 Februari 1949 Longoria akazikwa kwa heshima katika makaburi ya mashujaa ya Arlington, karibu na mji mkuu wa Marekani.

Utauliza mambo ya mazishi yanahusu nini katika habari za matibabu. Yanahusu. Kuanzia siku hiyo daktari wa Corpus Christi na seneta Johnson walijuana. Baadaye Johnson akawa rais, na utaona alifanya nini.

KODI YA KURA

Chama kilijifunza kwamba barua hazitoshi. Mkubwa anayechaguliwa kwa kura huwasikiliza wapigakura. Na huko Texas ili upige kura ilikubidi ulipe kodi. Wazee wetu walilipa kodi ya kichwa na hawakupata kura yoyote. Wenzao wa Texas waliuziwa kura yenyewe, dola moja na senti 75 kwa mwaka. Kwa mchuma pamba mwenye watoto saba, hicho ni chakula. Kwa hiyo wengi hawakupiga kura, na kwa kuwa hawakupiga kura hakuna aliyewachimbia mifereji.

Wanachama walipita mitaani kuwahimiza watu walipe kodi ile. Waliendelea hivyo miaka mingi, mpaka kodi hiyo ilipofutwa kabisa mwaka 1966. Chama kilisaidia pia katika kesi. Mwaka 1954 mahakama kuu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyoitwa Hernandez na Texas, kwamba ni kinyume cha katiba kuwazuia Wameksiko wasiwe wazee wa baraza mahakamani. Hukumu hiyo ilisema wazi kuwa katiba inawalinda na wao pia.

MILANGO YA HOSPITALI

Mwaka 1962 Rais Kennedy alitia sahihi sheria ya kutoa fedha za serikali kwa ajili ya zahanati za vibarua wanaohamahama. Ilikuwa mara ya kwanza serikali kuu kuwakumbuka watu hao kwa namna hiyo.

Kisha Johnson akawa rais. Mwaka 1964 alitia sahihi sheria ya kukataza ubaguzi, na mwaka 1965 sheria ya kuwalipia matibabu wazee na maskini wengi. Sikiliza namna sheria hizi mbili zilivyofanya kazi pamoja, maana ni jambo la akili. Hospitali zote zilizitaka fedha za kuwatibu wazee, kwa kuwa zilikuwa nyingi sana. Serikali ikasema: hospitali inayobagua watu haitapata. Basi hospitali ambazo kwa miaka mingi zilikuwa na wadi za Wazungu na wadi za wengine ziliondoa tofauti hizo kwa muda wa miezi michache tu, mwaka 1966. Waliobaguliwa zaidi hospitalini walikuwa Wamarekani weusi, na wao na viongozi wao ndio waliofanya kazi kubwa ya kupata sheria hizi. Lakini mlango ulipofunguliwa, Wameksiko nao walipita.

Sitaki udhani kwamba Daktari Hector peke yake alileta sheria hizo. Hapana. Yeye alikuwa mmoja wa watu wengi waliosukuma. Rais Johnson alimheshimu sana. Mwaka 1967 alimtuma Umoja wa Mataifa pamoja na wajumbe wa Marekani, na huko Hector alihutubia kwa Kihispania. Mwaka 1968 alimweka katika tume ya serikali ya haki za raia. Hector alikuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Meksiko kukaa katika tume hiyo.

JAMBO ALILOKOSEA

Si vizuri kuandika habari za mtu kana kwamba hakuwa na kosa.

Katika miaka hiyo Wameksiko wengi walivuka mto bila ruhusa ili kutafuta kazi. Wenye mashamba waliwapenda kwa sababu walikubali mshahara mdogo. Daktari Hector na chama chake waliona kwamba watu hao wanapunguza mishahara ya wenyeji. Mwaka 1953 chama chake, pamoja na chama cha wafanyakazi wa Texas, kilitoa kijitabu kilichowasema vibaya sana. Kiliwaeleza kama watu wanaoleta magonjwa na uhalifu, na kilitaka mpaka ufungwe. Mwaka uliofuata serikali iliwafukuza watu wengi sana.

Kwa maoni yangu hapo alikosea. Waliovuka mto bila karatasi walikuwa ndugu wa wagonjwa wake, na wengine walikuwa wagonjwa wake hasa. Yeye mwenyewe alivushwa mto akiwa mtoto. Katika zahanati yake alimtibu kila aliyekuja, lakini kijitabu kile kilisomwa na wengi ambao hawakuijua zahanati yake. Baadaye chama kiliacha maneno hayo, kikawa upande wa kuwatetea wahamiaji.

MIAKA YA MWISHO

Heshima nyingi zilimjia uzeeni. Tarehe 26 Machi 1984 Rais Reagan alimpa Nishani ya Uhuru, nishani kubwa kuliko zote ambazo raia wa Marekani anaweza kupewa na rais wake. Siku hiyo ilikuwa imetimia miaka 36 kamili tangu mkutano ule wa shuleni.

Lakini kazi yake ilibaki ileile. Aliendelea kutibu watu Corpus Christi. Dada yake Cleotilde, ambaye watu walimwita Daktari Cleo, alikuwa naye mjini humo. Huyu alihitimu udaktari mwaka 1954, na katika maisha yake alizalisha watoto wapatao 10,000. Siku hizo mwanamke wa Kimeksiko kuwa daktari Texas lilikuwa jambo la nadra sana, na habari zake zinastahili kitabu chake peke yake.

Daktari Hector alifariki tarehe 26 Julai 1996 katika mji uleule wa Corpus Christi. Alikuwa na umri wa miaka 82.

Je, shida aliyoikuta imekwisha? Matangazo ya mlangoni yameondoka. Madaktari wanaosema Kihispania wako, ingawa hawatoshi. Lakini matibabu ya Marekani ni ghali, na asiye na bima huogopa kwenda hospitali mpaka ugonjwa umezidi. Mwaka 2022 Texas ilikuwa na watu wasio na bima wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, karibu watu 17 katika kila watu 100, na Wahispania walikuwa wengi miongoni mwao. Wasio na karatasi za kukaa nchini wana hofu zaidi, kwa sababu wanadhani kuandika jina lao hospitalini ni kujipeleka polisi.

Zile barua zake zote alizowaandikia wakubwa, pamoja na majibu yao na picha zake, zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha Corpus Christi. Nje ya jengo kuna sanamu yake. Wanafunzi hupita hapo kila siku wakienda darasani, na miongoni mwao wamo wajukuu wa wachuma pamba.